Kijiko cha fedha cha Jens, na kadi iliyomsahau Yohana

Kijiko chenyewe kiko mbele yangu mezani. Kina urefu wa sentimita 15, mpini umejikunja kidogo mwishoni, na mbele pamechongwa jina Jens na tarehe 08.02.2025. Ukikigeuza, chini ya muhuri wa 830S, utakuta maneno manne: Jina lake ni Yohana. Hiki ni kijiko cha ubatizo cha mwanangu. Kimetoka kwa sonara mmoja hapa Bergen, Norwei, na wenzangu wengi wameniuliza kama duka lile linafaa. Jibu langu si la neno moja, ndiyo maana naliandika.

Jina la duka nitalihifadhi. Kuna makosa mawili nitakayoyaeleza, yote yalirekebishwa, na sioni sababu ya kumharibia mtu riziki yake.

Kwa ambao hawajaishi huku: Mnorwei akibatiza mtoto, ndugu na wasimamizi huleta fedha, nami nasema fedha ile ya madini, si pesa. Kijiko cha namna hii wanakiita dåpsskje. Wengine hupendelea kijiko cha kuzaliwa, ambacho huchongwa uso wa saa ukionyesha saa aliyozaliwa mtoto, pamoja na uzito na urefu wake. Mama mkwe wangu bado ana cha mume wangu, na kila ikikaribia Krismasi hukisugua mpaka king'ae. Muhuri wa 830S maana yake sehemu 830 kati ya 1,000 ni fedha halisi, na hiyo S ni ya sølv, yaani fedha kwa Kinorwei. Uangalie kabla hujalipa, kwa sababu vipo vijiko vilivyopakwa fedha juu tu, na kwa macho huwezi kuvitofautisha.

Sasa nieleze kwa nini niliingia duka lile na si jingine, maana vijiko viko kila mahali. Wao walikuwa wanauza pamoja na kijiko kadi ya asili ya jina. Unawaambia jina la mtoto, wanakuchapia kadi ya karatasi nzito yenye asili yake, maana yake na njia lililopita mpaka kufika huku. Mimi hiyo kadi ndiyo niliyoitaka kuliko hata fedha, kwa sababu ya mvutano uliokuwa umetukalia nyumbani kwa wiki nane.

Babu wa mume wangu aliitwa Jens, na Wanorwei wana desturi ya kumwita mtoto jina la babu au bibi. Wana hata neno lake, oppkalling. Kwetu nako, mjukuu wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu mzaa mama au mzaa baba, ikitegemea mmekubaliana vipi, na baba yangu ni Yohana. Nilikwisha mwahidi. Sheria ya Norwei inawapa wazazi miezi sita kuandikisha jina la mtoto, kwa hiyo serikali haikuwa na haraka. Mwenye haraka alikuwa baba, aliyepiga simu kila Jumapili baada ya ibada kuuliza kama "mzee mwenzake" ameshaandikwa.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Mwezi wa nne, nikiwa bado kwenye likizo ya uzazi, nilimbeba mtoto nikampeleka kuwasalimia. Kwenye korido yetu kila mlango una kibao cha jina. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akaniuliza huyu anaitwa nani. Nikamwambia ukweli: hatujaelewana, mume wangu anataka Jens, mimi nataka Yohana. Alicheka, akainua fimbo yake na kuielekeza kwenye milango mmoja baada ya mwingine. Hans. Jon. Johan. Johannes. "Hawa wote ni Yohana," akaniambia, "na Jens ni Yohana pia. Mnagombania nini?"

Miaka sita nimekuwa nikigonga milango ile. Nimewapelekea wenye majina hayo dawa, chai, magazeti, nikiwaita kila mmoja kwa jina lake, na sikuwahi kujua kwamba naita jina moja kwa namna nne. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu. Yeye alijua kwamba Hans hutoka kwa Johannes, kila mtu huku anajua hilo, lakini Jens hakuwahi kumfikiria. Usiku ule ule tulijaza fomu.

Basi nilipofika kwa sonara nilikuwa najua ninachokitaka: mbele ya kijiko jina la upande wa baba, nyuma jina la upande wangu, na kadi ya kueleza kwamba hayo si majina mawili.

Huduma ya dukani niliipenda tangu mwanzo. Muuzaji hakunikimbiza. Alitandaza kitambaa cheusi juu ya kaunta, akapanga vijiko vitano, akaniacha nivishike. Nilipouliza tofauti ya kuchonga kwa mashine na kuchonga kwa mkono, hakunijibu kwa maneno, aliniita nyuma ya pazia. Fundi alikuwa ameinama juu ya kipande cha shaba, lenzi imebanwa jichoni. Akanichongea herufi J mbili, moja kwa mashine, nyingine kwa patasi ndogo yenye kishikio cha mviringo kama uyoga, kinachokaa ndani ya kiganja. Hasukumi patasi; anaishikilia imara na kukizungusha kile kipande cha shaba chini yake, na mbele ya ncha panainuka uzi mwembamba wa madini, unajiviringa, unakatika. Aliupuliza. J ya mashine ilikuwa sawasawa kila mahali, kama iliyopigwa chapa. Ile ya mkono ilianza nyembamba, ikanenepa kwenye mgongo, ikaisha kwa mkia uliozama chini ya mstari, na ukiigeuza kwenye mwanga kingo zake zinawaka. Nikachagua mkono bila kuuliza bei.

Bei yenyewe nitaisema, maana najua ndiyo mtakayoiuliza. Kijiko kroner 1,490. Kuchonga kwa mkono kroner 15 kwa kila herufi au tarakimu, nukta hawazihesabu: Jens ni herufi 4, tarehe tarakimu 8, na Jina lake ni Yohana herufi 16. Jumla 28, yaani kroner 420. Kadi 150. Nililipa kroner 2,060. Kwa mashine wangenitoza 200 tu kwa maandishi yote. Kama mfuko umebana, mashine haina aibu. Ila kama unaweza kujibana mahali pengine, lipia mkono.

Kosa la kwanza lilitokea kwenye sampuli. Wana utaratibu mzuri wa kukutumia picha ya maandishi kwa barua pepe kabla patasi haijagusa fedha, na hawachongi mpaka ujibu kwamba umekubali. Picha ilifika siku ya tatu. Mbele kila kitu sawa. Nyuma: Jina lake ni Johana. Mtu alikuwa ameisahihisha Y yangu.

Nilikasirika, halafu nikaelewa. Kwa Kinorwei herufi J inasomwa kama Y yetu. Ja, yaani ndiyo, wanatamka "ya". Jul, Krismasi yao, ni "yul". Jens wanamtamka "Yens", na Johannes ni "Yohannes" kabisa, kama tunavyosema sisi. Kwa hiyo aliyekaa kwenye kompyuta aliona Y mwanzoni mwa jina la Biblia, akadhani mteja mgeni ameandika kama anavyosikia, akamsaidia. Na hilo neno Jina la mwanzo, bila shaka, alikuwa analisoma "Yina". Nilipiga simu nikaeleza kwamba kwa Kiswahili J na Y ni herufi mbili zenye kazi mbili, na kwamba Johana kwa baba yangu ni mtu mwingine. Walinisikiliza, wakaomba radhi, na picha mpya ikaja jioni ile ile. Hawakuongeza hata krone moja. Kwa hiyo utaratibu wao wa sampuli nausifu kwa moyo wote, kwa sababu ndio uliookoa kijiko. Lakini ukiwa na jina la kwetu, soma picha herufi kwa herufi, na uandike kwenye fomu yao wazi kwamba tahajia isiguswe.

Maneno yale niliyoyachagua yametoka Luka sura ya kwanza. Jamaa za Elisabeti walitaka mtoto aitwe Zakaria kama baba yake, wakasema hakuna mtu katika ukoo mwenye jina Yohana. Zakaria, aliyekuwa bubu kwa wakati ule, akaomba kibao akaandika. Nilimsimulia fundi, naye akasema kwamba huyo ndiye mteja wa kwanza wa kuchongewa jina. Nilifurahi kwamba alilipokea hivyo.

Nakuja kwenye kadi, na hapa nina mengi ya kusema.

Karatasi yake ni nzuri mno. Nene, ya rangi ya maziwa, wino mweusi uliokolea, na nafasi ya kutosha pembeni ya kuiweka kwenye fremu. Maneno yaliyokuwa juu yake ndiyo yaliyonivunja moyo. Mistari mitatu tu: kwamba Jens ni jina la Kidenmark, kwamba limetokana na neno la Kiebrania Johannes, na kwamba maana yake ni Mungu ni mwema. Basi. Kroner 150 kwa mistari mitatu, na ndani yake kosa moja kamili na nusu kosa.

Kosa kamili ni hilo la Kiebrania. Johannes si Kiebrania. Kiebrania ni Yohanan, ambalo ni ufupisho wa Yehohanan: sehemu ya kwanza ni jina la Mungu, ya pili ni hanan, kufadhili, kuonyesha neema. Wagiriki, ambao Agano Jipya liliandikwa kwa lugha yao, walilifanya Ioannes. Kanisa la Kilatini likasema Iohannes. Na huyo ndiye Johannes aliyefika kaskazini na makasisi. Nusu kosa ni la maana. Wema na neema havifanani. Jina linasema kwamba Mungu amefadhili, ametoa asichodaiwa, na mzazi aliyesubiri mtoto muda mrefu anaujua uzito wa tofauti hiyo. Tena kutoka shina hilo hilo la hanan limetoka jina Hanna, ambalo huku wasichana wengi wanalo, na kadi ingelitaja tu ningefurahi. Kwetu pwani Yohana ana ndugu mwingine, Yahya, ambaye kwenye Kurani ni mwana wa Zakaria yule yule.

Kisha kuna kilichoachwa. Kadi iliahidi kueleza njia lililopita jina, na njia yenyewe ndiyo utamu wa jambo zima. Nimeifuatilia mwenyewe kwa miezi miwili, kwa msaada wa yule mwalimu mstaafu na maktaba, na niliwaandikia dukani barua ndefu nikiwaambia walichokikosa. Naiweka hapa kwa kifupi ili mwenye Jens, Hans au Jon wake asilipie mistari mitatu.

Wa kwanza kufika alikuwa Jon. Huyu alikuja na Ukristo wenyewe, kwa umbo la Jón, Johannes aliyefinywa mpaka akatosha kwenye mdomo wa watu waliozoea majina mafupi. Askofu mkuu wa kwanza wa Nidaros, mji tunaouita leo Trondheim, aliitwa Jon Birgersson, akakaa kwenye kiti hicho mwaka 1152. Kabla yake, mwaka 1106, Iceland ilikuwa na Jón Ögmundsson, askofu wa kwanza wa Hólar. Huyu nampenda kipekee, kwa sababu husimuliwa kwamba alichoshwa na siku za juma kubeba majina ya miungu ya zamani. Wanorwei mpaka leo Alhamisi wanaiita torsdag, siku ya Tor mwenye nyundo. Waaisilandi wanaiita fimmtudagur, siku ya tano, na Jumanne wanaiita þriðjudagur, siku ya tatu. Sisi tunaohesabu Jumatatu, Jumanne, Jumatano tunamwelewa askofu yule bila mkalimani.

Iceland jina lilishika kuliko popote. Walipohesabiwa watu mwaka 1703, karibu mwanamume mmoja kati ya wanne alikuwa Jón. Aliyewaongoza kudai uhuru karne ya 19 alikuwa Jón Sigurðsson, na siku yake ya kuzaliwa, Juni 17, ndiyo sikukuu yao ya taifa. Wana na methali, kwamba Jón na Mchungaji Jón si sawa: jina moja, lakini mmoja anafunguliwa mlango upesi kuliko mwenzake. Nilipomtafsiria baba alisema methali hiyo lazima iliibwa kwetu.

Wa pili ni Hans. Huyu ni Johannes aliyekatwa kichwa badala ya mkia, na alienea kwa nguvu ya Wajerumani wa kaskazini. Hapa Bergen hilo ni la kuonekana kwa macho: wafanyabiashara wao walikuwa na makao Bryggen tangu karne ya 14, kwenye zile nyumba za mbao zinazoelekea bandari, wakinunua samaki mkavu na kuuza nafaka, na majina yao yakaingia mjini pamoja na magunia. Tahadhari hapa, kwa sababu hata wenyeji huchanganya: umoja wao uliitwa Hansa, lakini neno hilo lina maana ya kundi au chama na halihusiani na jina Hans.

Halafu Jens wetu. Jens ni kazi ya Denmark. Wadenmark walimbana Johannes katikati, o na ha zikamezwa, ikabaki sauti moja. Waswidi nao walifanya vivyo hivyo wakapata Jöns. Mwanakemia wao mkubwa, aliyezaliwa 1779 na kutupa desturi ya kuandika elementi kwa herufi, ni Jöns Jacob Berzelius. Kwa karne nyingi, mpaka 1814, Norwei ilikuwa chini ya wafalme wa Denmark. Biblia ilikuwa ya Kidenmark, vitabu vya kanisa vilikuwa vya Kidenmark, na mtoto akizaliwa bondeni, kalamu iliyoandika jina lake ilikuwa ya Kidenmark vilevile. Hivyo Jens akawa wa hapa. Ndiyo sababu kuandika kwenye kadi kwamba ni "jina la Kidenmark" na kuishia hapo ni kumfukuza mtoto nyumbani kwake. Waziri mkuu wa zamani wa Norwei, aliyeongoza NATO kuanzia 2014 hadi 2024, ni Jens Stoltenberg. Baba alimjua kwa redio kabla hajamjua mjukuu wake.

Mfano ulionishangaza kuliko yote ni wa mfalme. Kuanzia 1481 hadi 1513 Denmark ilitawaliwa na mfalme Hans. Kwa miaka kadhaa alivaa pia taji la Uswidi, na vitabu vya Kiswidi vinamwita Johan wa Pili. Mtu mmoja, akivuka mpaka jina linageuka, na hakuna aliyedhani ni ajabu.

Ukipanda kaskazini na kuvuka maji majina yanazidi kujificha. Visiwa vya Faroe wanasema Jógvan, ambaye ukimsikia huwezi kamwe kumdhania. Wasami, watu wa asili wa kaskazini, wana Jovnna. Ufini ndiko walikomkata vipande vingi: Juhani, Juha, Juho, Jussi, Jukka, Hannu. Tena angalieni Janne. Uswidi na Ufini Janne ni mwanamume; Norwei na Denmark Janne ni mwanamke. Mtunzi wa muziki Jean Sibelius alibatizwa Johan, na nyumbani walimwita Janne. Kazini kwangu tuna muuguzi anaitwa Janne, mama wa watoto watatu, na kila akipokea barua kutoka Ufini huandikiwa Bwana.

Na sikukuu! Hapa ndipo niliposema na duka kwa uchungu, kwa sababu kijiko kiliagizwa kwa ajili ya ubatizo wa tarehe 22 Juni, siku moja kabla ya mkesha wa Yohana Mbatizaji, wakati mji mzima unapanga kuni ufukweni. Jioni ya tarehe 23 Juni Wanorwei huwasha mioto, na sikukuu hiyo ina majina mawili: Sankthans, yaani Hans Mtakatifu, na Jonsok, kutoka Jónsvaka, mkesha wa Jon. Mtakatifu mmoja, usiku mmoja, maumbo mawili ya jina moja. Waaisilandi husema Jónsmessa, Wafini Juhannus, ingawa Wafini tangu 1955 wameihamishia Jumamosi iangukayo kati ya tarehe 20 na 26 Juni. Kadi ya Jens isiyotaja mioto ile imeacha kitu ambacho mtoto atakiona kila mwaka wa maisha yake.

Na si majina ya kwanza tu. Majina mawili ya ukoo yaliyoenea kuliko yote Norwei ni Hansen na Johansen, mwana wa Hans na mwana wa Johan. Denmark, Jensen na Hansen wako katika matatu ya juu. Uswidi, Johansson hushindana na Andersson. Zamani mwana wa Jens alikuwa Jensen, na mwana wa huyo akabeba jina la baba yake yeye; Norwei ikayagandisha majina ya ukoo kwa sheria ya mwaka 1923. Mwenye kutaka hesabu ya watu aingie kwenye utafutaji wa majina wa SSB, ofisi ya takwimu ya Norwei. Unaandika jina, wanakuonyesha ni wangapi wanalo na mchoro wa tangu 1880, bila malipo. Ikiwa wenye jina ni watatu au pungufu hawakwambii idadi kamili, ili mtu asijulikane. Kwa mzazi anayechagua jina ningesema aanzie hapo kabla ya kununua kadi ya mtu yeyote.

Niliwaandikia hayo, si yote, lakini mengi. Nilitarajia kimya. Badala yake mwenye duka alinipigia, akaniambia maelezo ya kadi waliyanunua yakiwa tayari kwa majina mia kadhaa na hakuna aliyeyakagua. Alikubali kosa la Kiebrania papo hapo. Akaniuliza kama ningependa kadi mpya, na kama angeweza kutumia maneno yangu kwa Jens wengine watakaokuja. Nikamwambia atumie, mradi mstari wa Yohana ubaki. Kadi ya pili ilikuwa na mistari kumi na mmoja: Yohanan na maana yake, Ioannes, Johannes, halafu Jon, Hans na Jens wakiwa wamepangwa kama ndugu kwenye benchi, mioto ya Juni, na chini kabisa, kwa herufi za mlalo, kwa Kiswahili Yohana. Safari hii hakuna aliyeigusa Y. Alinichapia mbili kwa bei ile ile.

Ubatizo ulifanyika Johanneskirken, kanisa la matofali mekundu lililo juu ya kilima cha Sydneshaugen, lililokamilika 1894, lenye mnara wa mita 61. Hatukulichagua kwa ajili ya jina, ndilo lililo karibu na nyumba yetu, lakini siku ile nilipanda ngazi zile nyingi nikiwa nimembeba Jens na nikalisoma jina la kanisa kama mtu anayelisoma mara ya kwanza. Mama mkwe alikishika kijiko, akakigeuza, akauliza maneno ya nyuma yanasemaje. Mume wangu ndiye aliyemfasiria. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema baba mkwe wake angelipenda.

Jioni nilimpigia baba kwa video.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Nionyeshe." Nikasogeza kijiko kwenye kamera. Akavaa miwani. "Je-ni-si," akasoma taratibu. "Mama, mbona jina gumu?"

"Si Jenisi, Baba. Huku J wanaitamka Y. Ni Yensi."

Alilirudia mara mbili tatu, midomo ikisikika. "Ye... Yo... Yensi. Yohana." Kisha akanyamaza, akaita watu waliokuwa uani waje wasikie. "Huyu ni wajina wangu. Wazungu wamemfupisha tu."

Kwa hiyo tathmini yangu ndiyo hii. Kijiko na uchongaji: sijaona bora mjini, na ningerudi kesho. Muuzaji na fundi: waungwana, wanasikiliza. Sampuli: utaratibu mzuri, ila uwe macho. Kadi: kama walivyoniletea mara ya kwanza haina thamani ya kroner 150, kama ilivyo sasa kwa Jens inaistahili, na kwa majina mengine waombe wakusomee maandishi kabla hujalipa. Agizeni mapema. Mimi nilipeleka oda mwishoni mwa Aprili nikaambiwa mpaka katikati ya Juni, kwa sababu Mei ni mwezi wa kipaimara, na pia kila mtu mjini anapeleka vifungo vya fedha vya vazi la asili visafishwe kabla ya tarehe 17, sikukuu ya taifa ya Norwei.

Kadi ya pili nilimtumia baba kwa posta. Ilichukua wiki tano kufika. Hakuiweka kwenye fremu. Ameiweka ndani ya Biblia yake, Luka sura ya kwanza.